Barabara ilinyamaza, mtoto hakunyamaza

Mama alipokuja kunitazama Malindi mara ya kwanza, alilala usiku mmoja tu kwenye chumba cha mbele. Alfajiri nilimkuta amekaa kitandani, ushungi ameuvuta hadi puani. "Mwanangu," akaniambia, "nyumba hini i ndiani mno." Ndiani kwa Kiamu ni njiani, na mama hakutia chumvi. Kutoka ukingo wa lami hadi dirisha letu ni hatua kumi na nne. Nimezihesabu mwenyewe usiku mmoja, na nitafika kwenye usiku huo.

Nimezaliwa Langoni, Lamu mjini, ambako lori letu ni punda. Niliolewa Malindi mwaka 2015 nikaletwa kwenye nyumba hii ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Iko upande wa bara wa barabara ya Mombasa, kwa hiyo kati yetu na bahari imelala barabara. Mbele kidogo kuna tuta. Liliwekwa kwa ajili ya watoto wa shule na silikatai, lakini anayelala kando ya tuta hujifunza lugha ya magari apende asipende. Lori la chumvi kutoka Gongoni au Marereni likifika linashusha gia, linapanda kama mzee anayepanda ngazi, kisha dereva anakanyaga mafuta na wingu jeusi linatoka. Nyuma yake tuktuk tatu, boda, lori la mawe ya kujengea, halafu basi la kwetu Lamu. Hilo la Lamu ndilo lililokuwa likiniuma zaidi. Linatoka kwetu bila kuniletea hata embe, linaniachia moshi dirishani kama salamu.

Mume wangu ni fundi wa magari na hakupenda niyaseme malori. "Lori halina kosa," ananiambia. "Ukiona moshi mweusi jua dizeli haikuungua yote. Nozeli zimechoka, au eya klina haijapigwa upepo tangu mwaka juzi." Dizeli yenyewe, anasema, ni safi kuliko ya zamani; tangu 2015 salfa iliyomo Kenya imeshushwa hadi sehemu 50 kwa milioni. Sawa. Lakini mimi sikuwa nikivuta dizeli ya kwenye karatasi, nilikuwa nikivuta iliyokwisha pita kwenye nozeli zilizochoka.

Mtoto wetu alizaliwa 2016. Alipofika miaka mitatu akaanza kikohozi cha usiku. Si kile cha mafua kinachokuja na makamasi na kuondoka nayo. Hiki kilikuja saa nane za usiku, kikavu, na kifua kikilia kama filimbi ya mbali. Zahanati moja ilituandikia antibayotiki mara tatu ndani ya miezi minne, kila mara ikiitwa "nimonia kidogo". Mpaka leo sijaelewa nimonia kidogo ni ipi.

Mimi nilikuwa na jibu langu tayari: barabara. Nikawa fundi wa kuziba. Madirisha ya mbele nikayafunga mchana na usiku. Matundu ya hewa juu ya milango nikayajaza katoni. Chini ya mlango wa mbele nikaweka leso kuukuu iliyokunjwa. Joto la Februari likawa limekaa kitako ukumbini, haliendi wala halirudi, na mimi nikaona nimeshinda.

Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, ule wa megawati 1,050 uliokuwa ujengwe Kwasasi, Lamu. Dada zangu walinipigia simu kwa vigelegele. Nami nikapiga changu, nikiwa nimechutama mbele ya seredani, kipepeo mkononi, machozi ya moshi yakinitiririka. Nilikuwa nimeyawasha makaa kwa pakiti tupu ya maziwa, kama kila siku.

Kisha ikaja 2020. Tarehe 8 Aprili watu walizuiwa kuingia na kutoka Kaunti ya Kilifi kwa sababu ya korona, na kafyu ilikuwa imeshaanza. Malori ya shehena yaliruhusiwa, ila mabasi yalikatika na tuktuk zikawa zinalala saa moja jioni. Barabara ikanyamaza. Kuna usiku nilisikia bahari nikiwa kitandani mwangu, mara ya kwanza tangu niolewe. Nikamwambia mume wangu, sasa mtoto atapona.

Mtoto akazidi. Na mwaka ule mtoto wa kukohoa hakuwa mtoto wa kumtoa mlangoni. Majirani walikuwa wanavuka upande wa pili.

Usiku mmoja wa Ramadhani, mwezi wa tano, kifua kilibana hadi mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Alikuwa hawezi kumaliza neno. "Ma," halafu pumzi, "ma." Kafyu ilikuwa inaisha saa kumi na moja alfajiri. Sitaandika mengi juu ya saa tatu tulizongoja. Mume wangu alimkalisha mapajani, wima, akiwa amemwegemeza kifuani kwake, mimi nimesimama mlangoni natazama barabara ile ile niliyoilaani, nikiomba ipite gari yoyote.

Hospitali walimvalisha barakoa ya mashine ya mvuke wa dawa, na baada ya dakika ishirini rangi ya midomo ikarudi. Daktari alikuwa binti mdogo, pengine kanizidi elimu na nimemzidi miaka kumi na mitano. Akavuta kiti.

"Mnakaa wapi, mama?"

Nikamwambia, nikaanza na hadithi yangu ya malori, tuta, wingu jeusi. Aliniacha nimalize.

"Na mwezi huu yamepita malori mangapi?"

Nikanyamaza.

"Mnapika wapi?"

"Uani." Nikaona haya, nikaongeza, "Ila sasa ni masika, ua umejaa maji. Tumeingia ukumbini."

"Milango ikiwa wazi?"

"Wa nyuma mvua inaingia. Wa mbele… barabara."

"Na mbu mnawafukuza kwa kitu gani?"

"Koili."

"Na udi?"

Hapo nilicheka licha ya yote, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ananukia udi chini ya koti jeupe. "Daktari, Ramadhani bila udi?" Akacheka na yeye. Kisha akachukua karatasi akachora mraba. Huo ndio ukumbi wako, akasema. Akachora seredani mbili, karai, chetezo, koili. Halafu akanipa kalamu. "Nichoree moshi unapotokea." Nilishika kalamu ile hadi wino ukafanya nukta kwenye karatasi.

Nikupe picha ya ukumbi ule, maana mwenye kuishi ndani yake haoni. Alasiri seredani mbili zinawashwa, moja ya uji na mbaazi, moja ya karai. Viazi vya karai, bajia, kaimati. Mafuta ya kukaangia nayo yana moshi wake. Magharibi tunafuturu. Misikiti imefungwa, basi tarawehe inaswaliwa hapo hapo ukumbini, na mavyaa wangu anapitisha chetezo kwanza ili tuswali penye harufu njema. Makaa yaliyobaki hayazimwi, yanatiwa birika la kahawa juu. Halafu mbu wa masika wanaingia, inawashwa koili, moja mbele na moja nyuma. Na katikati ya hayo yote, juu ya mkeka, kwa sababu sakafu ya ukumbi ina ubaridi mzuri, analala mtoto wangu.

Kumbe nilikuwa nimeufungia nje moshi wa watu, nikaufungia ndani wa kwangu.

Daktari alinieleza jambo moja ambalo nimelirudia kwa majirani mpaka wamechoka nami. Makaa yanapowashwa yanatoa moshi wa kuonekana, na yakishakuwa mekundu tunasema yameshika, hayana moshi tena, tunayaingiza ndani. Ndipo yanapotoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Yale maumivu ya kichwa ya kila magharibi ya Ramadhani, niliyokuwa nikiyaita njaa, huenda mengine hayakuwa njaa.

Tulitoka na jina la ugonjwa, pumu, na pampu mbili. Ya bluu ni ya kufungua kifua kikibana; ya kahawia ni ya kila siku, abanwe asibanwe, kwa sababu pumu ni uvimbe wa ndani ya mirija na uvimbe hautulizwi kwa kukurupuka nao usiku. Daktari alichukua chupa ya soda ya nusu lita, akatoboa kitako chake kwa waya uliopashwa moto, tundu likalingana sawasawa na mdomo wa pampu, akalizungushia plasta. Mtoto anatia mdomo kwenye shingo ya chupa na kuvuta pumzi zake za kawaida. Bila chupa, dawa nyingi inaishia kwenye ulimi na koo. Mwanangu aliichora macho chupa yake akaiita papa.

Niliporudi nyumbani nilifanya jambo la kitoto. Nilikata kanzu kuukuu ya mume wangu vipande viwili, kimoja nikakitundika dirisha la mbele, nikalifungua kidogo, kimoja nikakitundika ukumbini karibu na seredani. Baada ya wiki mbili cha mbele kilikuwa na rangi ya udongo. Nikikikung'uta linatoka vumbi la chengachenga, na weusi ambao mume wangu alisema ni wa tairi na breki. Cha ukumbini hakikukung'utika. Kilikuwa cha manjano na cheusi, kinanata vidoleni, na sabuni ya kipande haikukisafisha.

Nilimwonyesha mtoto wa wifi yangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Pwani. Aliviangalia kwa adabu, akasema, "Mkaza mjomba, umepima unachokiona. Chenye kudhuru zaidi hukioni." Chembe zinazofika chini kabisa kwenye mapafu hazizidi mikromita 2.5; ukizipanga mstari unahitaji karibu thelathini kujaza unene wa unywele mmoja. Vumbi kubwa pua inalizuia na kohozi linalitoa. Hizo ndogo zinapita. Akanitajia pia utafiti wa 2003 ulioonyesha kwamba koili moja ikiungua hadi mwisho hutoa chembe hizo kwa uzito sawa na za sigara 75 hadi 137. Mimi niliyekuwa nikimfukuza mjomba wa mtoto uani na sigara yake moja! Usiku ule ule koili zilikwenda jaani na tukanunua chandarua cha pili.

Desemba 2020, mtoto akiwa ametulia, nilisoma simuni habari ya msichana wa London, Ella Adoo-Kissi-Debrah. Alifariki Februari 2013 akiwa na miaka tisa, kwa pumu, baada ya kulazwa mara nyingi. Nyumba yao ilikuwa chini ya mita 30 kutoka barabara ya South Circular. Mwezi ule mchunguzi wa vifo alitamka kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake, na akawa mtu wa kwanza Uingereza kuandikiwa hivyo. Mama yake alikuwa hajaambiwa wakati mtoto yu hai kwamba hewa inaweza kuwa ndiyo tatizo. Niliiweka simu chini, nikajitanda leso, nikatoka nje nikihesabu hatua kutoka dirishani hadi lami. Kumi na nne. Nikarudia, nikidhani nimekosea. Mlinzi wa duka la ng'ambo alinitazama kama mwenye wazimu.

Kwa hiyo nisije nikaonekana nimeisamehe barabara. Moshi wa dizeli uliwekwa mwaka 2012 kwenye kundi la vitu vinavyoleta saratani bila shaka, na waliouweka ni wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, ulioko Lyon, Ufaransa. Kinachonichoma ni kwamba barabara nilishindwa kuihamisha na nyumba nimeshindwa kuihama, kodi za nyumba nyingine Malindi hazisemeki. Ukumbi ulikuwa wangu, nao ndio niliochelewa kuugusa.

Gesi tulianza mwezi wa tatu 2021, mtungi wa kilo 6 wenye jiko la juu. Kwa miezi minne nilikuwa malkia. Julai serikali ikarudisha kodi ya VAT ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia, na mtungi ulipokwisha sikuujaza. Nikarudi kwenye seredani huku nimeinamisha kichwa. Kodi ilishushwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, ikaondolewa 2023. Katikati hapo tuliishi nusu kwa nusu: gesi kwa chai, mboga na usiku wowote wenye haraka, makaa kwa maharagwe, mbaazi na mahamri ya Ijumaa. Na makaa yanawashwa uani, kwa kifuu na makumbi, si kwa plastiki, hayavuki kizingiti kamwe. Kwa masika nilimsumbua mwenye nyumba atupigie mabati matatu uani. Alikataa. Akanikataza pia kutoboa tundu jipya ukutani, eti nitaharibu nyumba ambayo rangi yake ya mwisho ilipakwa kabla sijaolewa. Mabati tulinunua wenyewe, mume wangu akayapiga siku ya Jumapili.

Katoni nilizitoa zote. Jambo lililonichukua muda zaidi ni kujifunza upepo, na mwalimu wangu alikuwa baba mkwe, aliyekuwa nahodha wa jahazi. Kusi likivuma, kaskazi ikivuma, kwetu sisi wa upande wa bara zote mbili zinapita barabarani kwanza ndipo ziingie dirishani. Kwa hiyo mchana, magari yakiwa mengi, madirisha ya mbele yanafungwa na ya nyuma yanakuwa wazi. Lakini alfajiri kuna umande, upepo mwembamba unaotoka bara kwenda baharini, na magari hayajaamka. Hapo nyumba nzima inafunguliwa, mbele na nyuma, ukumbi unapigwa na upepo kama tanga. Naifagia baada ya kunyunyiza maji, maana ufagio mkavu unalirusha tu vumbi la jana. Mtoto amehamia chumba cha nyuma. Najua vyumba viwili mbele si safari. Moshi wa magari unapungua hasa ukishatoka mita 150 au 300 kutoka barabarani, na ua wetu unaishia kwenye choo cha jirani. Jirani huyo huyo alikuwa akichoma taka magharibi, chupa na nepi pamoja. Nilimpelekea mahamri mara tatu kabla sijalitaja. Mara ya nne akalitaja mwenyewe.

Watu wananiambia, rudi Lamu, kule hewa ni safi. Hewa ya Lamu naipenda, lakini bibi yangu alipika kwa kuni miaka sitini na alikohoa miaka ishirini ya mwisho, hakuna gari hata moja la kusingizia. Nyumba za mawe za wakubwa zilikuwa na jiko ghorofa ya juu kabisa, chini ya makuti, moshi unaondoka na upepo. Waliojenga zile walijua. Bibi yangu hakuwa na ghorofa. Alikuwa na kibanda cha makuti kilichobanana, chenye mlango mmoja, na sisi wajukuu tulikuwa tunang'ang'ania kukaa naye humo kwa sababu ya ukoko wa wali.

Vita vikubwa vilikuwa chetezo. Mavyaa wangu alinisikiliza habari ya gesi, akanikubalia koili, akanisaidia hata kwa jirani. Nilipofika kwenye udi aliniinulia mkono. "Mama yangu alifukiza, mamake alifukiza, na hakuna aliyekufa kwa udi." Sikubishana, mtu habishani na mavyaa wake juu ya mama yake. Nilimwambia tu, "Mama, mjukuu wako akinusa anakohoa," nikaondoka. Siku nne hakufukiza wala hakusema nami zaidi ya salamu. Alhamisi, usiku wa kuamkia Ijumaa, nilimwona amekaa uani kwenye kibao, chetezo mbele yake, nguo za Ijumaa zimetundikwa juu ya tege la kufukizia nguo, zinashika harufu. Ndani tulikuwa tunaupata kwa mbali, kama wa nyumba ya pili. Tangu siku hiyo ndiyo pahala pake.

Mama alikuja tena mwaka jana, safari hii akalala chumba cha nyuma. Mtoto sasa ana miaka tisa, ya bluu hajaigusa tangu masika yaliyopita, ya kahawia bado. Saa tisa za usiku lori la chumvi lilipanda tuta, likakohoa, likaondoka, na vioo vya dirisha vikatetemeka. Nikamsikia mama akigeuka.

"Na hili?" akaniuliza gizani. "Hili mumelifanyaje?"

"Hili bado, mama."

Akanyamaza kidogo. Asubuhi niliwakuta wawili hao, yeye na mavyaa, wamekaa uani bega kwa bega wanashindana nani ana udi mzuri, wa Lamu au wa Malindi, na mwanangu amesimama mbali karibu na mlango, upande unaotoka upepo, anawahukumia.